Kontrola Isiyorudi Nyuma

Ilikuwapo nchi moja, na nijuavyo mimi bado ipo, ila jina lake sitalitaja. Kulitaja kunahitaji kibali, na ofisi ya vibali ilipitwa kwa bahati mbaya na watumishi wake siku ya kwanza ya kazi, nao hawakuweza kugeuka. Hawakuweza kwa sababu nchi hiyo ilikuwa na sheria kuu iliyoitwa Mbele Tu.

Sheria yenyewe ilizaliwa kwenye gwaride. Mheshimiwa Mtangulizi, ndiye mkuu wa nchi, alikuwa akitembea huku akiwapungia watu mkono, akalipita jukwaa lake bila kuliona. Mtu wa kawaida angegeuka. Yeye aliona haya kugeuka mbele ya mabalozi, akaendelea kutembea kama aliyekusudia. Jeshi likamfuata, bendi ikamfuata, mabalozi nao wakainuka na viti vyao. Hatimaye wafungwa waliletwa wakalibeba jukwaa zima mpaka alipokuwa ameishia, nyuma ya machinjio, na hapo ndipo alipotoa ile hotuba inayokaririwa shuleni, kwamba taifa lenye hadhi halirudi nyuma.

Tangu siku hiyo magari ya serikali yaling'olewa gia ya rivasi. Mtumishi aliyelipita lango la nyumba yake aliuzunguka mji mzima ili alifikie tena kwa heshima. Katika mashindano ya kuvuta kamba, ambako mshindi kwa bahati mbaya hutembea kinyumenyume, kombe walipewa wale walioburutwa. Hata ile methali isemayo kufanya kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa, wataalamu wa wizara waliipitia wakaona ina maneno mengi, wakaifupisha. Vitabuni sasa inasomeka "Kufanya kosa si kosa," na nukta.

Wananchi waliizoea hali hiyo, kwa maana mtu huzoea hata kulala na kunguni.

Katika nchi hiyo alikuwapo Mhandisi Zawena Mkumbwa, wa Wizara ya Jua na Mambo ya Mchana. Alikuwa na kichwa chepesi kwa hesabu na ulimi mzito kwa kubisha. Alilelewa na shangazi yake, Mwasiti, mkunga wa zahanati ya kijiji cha Tuombeheri. Mwasiti ndiye aliyempokea duniani kwa mikono yake, na mama mtu alipofariki baada ya uzazi ule, ndiye aliyembeba mgongoni huku akizalisha wanawake wengine. Kila mgonjwa wa Tuombeheri alijua habari za Zawena, hata asipouliza. Akija mtu na jino, anaambiwa kwanza kwamba kuna mtoto wa nyumba hii aliyesoma mpaka umeme ukamjua kwa jina.

Basi wizara ilipoamua kusimika umeme wa jua wa mfano katika kijiji kimoja, Zawena aliomba iwe Tuombeheri, na ombi lake likakubaliwa kwa kuwa barabara ya huko ilinyooka na msafara wa waziri usingelazimika kupinda. Paneli zilisimamishwa kwenye vyuma nyuma ya zahanati, zikalielekea jua. Betri zikapangwa. Friji ya chanjo ikaanza kunguruma, na taa ikawaka katika chumba cha kujifungulia, ambacho tangu dunia iumbwe kilikuwa kikimulikwa kwa kibatari. Shangazi Mwasiti aliitazama taa ile akashindwa kusema, na si kawaida yake.

Kazi yote ile ilishikwa na kisanduku kidogo ukutani, ambacho mafundi hukiita kontrola. Paneli ya jua, msomaji, si ng'ombe wa kukamuliwa ovyo. Ina volti, ambazo ni msukumo, na ina ampea, ambazo ndio mtiririko wenyewe. Ukiongeza volti, nguvu hupanda kama mtu anayepanda kilima, lakini ukipita kiasi ampea hukatika na nguvu zote huporomoka. Kati ya hapo kuna kilele, na kilele hicho hakikai mahali pamoja: likipita wingu kinahama, joto likizidi kinahama. Kazi ya kontrola ni kukitafuta kutwa nzima. Inasogea hatua moja, inapima. Nguvu zikiongezeka, inaendelea. Zikipungua, inajua imepita, inarudi. Ndivyo sote tunavyotafuta stesheni ya redio, tunazungusha mpaka sauti ikae sawa, tukipitiliza tunarudisha kidogo, na hakuna aliyewahi kuitwa msaliti kwa hilo.

Siku ya uzinduzi alikuja Waziri wa Jua mwenyewe, Mheshimiwa Chambilecho, mtu aliyejaa mwili na nukuu za Mtangulizi. Alilisifu jua kwa kutii ratiba. Alilipongeza kwa kuchomoza siku zote upande mmoja na kusonga mbele bila kuyumba, akasema ndiyo maana serikali iliamua kushirikiana nalo. Kisha akataka aelezwe kisanduku kinafanya nini, na Zawena, ambaye kwa furaha alikuwa amesahau anaishi nchi gani, akamweleza vizuri, hatua kwa hatua, mbele ya wanakijiji wote na shangazi yake akiwa mstari wa mbele na kanga mpya.

"Na nguvu zikipungua," waziri akauliza, "kinafanya nini?"

"Kinarudi nyuma hatua moja, Mheshimiwa. Halafu kinajaribu tena."

Bendi iliacha kupiga. Waziri aliomba maji, akanywa, akauliza taratibu kama alichosikia ndicho kilichosemwa, na Zawena akatambua, akiwa amechelewa, kwamba ndicho.

Iliundwa Tume ya Kuchunguza Mwenendo wa Kisanduku. Waziri alikuwa mwenyekiti. Kisanduku kiling'olewa ukutani Tuombeheri kikaletwa mji mkuu chini ya ulinzi, kikawekwa kizimbani juu ya kiti, na kwa kuwa nchi ile iliheshimu haki za watuhumiwa, kikawekewa glasi ya maji. Shahidi wa kwanza, ofisa wa usalama, alithibitisha kwa kiapo kwamba alikiangalia kutwa nzima, na kwamba kilirudi nyuma mara nyingi kuliko wapinzani wote wa serikali wakiwekwa pamoja. Wajumbe walitikisa vichwa. Mmoja aliomba apewe dakika ya kuomboleza.

Zawena aliitwa ajieleze. Alitundika karatasi kubwa akachora mstari: unapanda, unafika kileleni, unashuka. Alipokuwa anachora kupanda, wajumbe walipiga makofi. Alipofika kilele walisimama. Alipoanza kuchora kushuka palizuka minong'ono, na aliyekuwa amekaa karibu na dirisha akalifunga, raia wasije wakaona.

Akainuka Profesa wa Mielekeo kutoka chuo kikuu, mzee mwenye miwani mbili, moja ya kuonea mbele na nyingine ya kuonea mbele zaidi. Alisema amestaajabu. Alisema huo mchoro unaweza ukawa sahihi katika nchi zisizo na uongozi, lakini kilima cha taifa lao hakina upande wa pili. Akaomba mkasi. Akaikata karatasi pale kileleni, nusu ya kupanda ikabaki ukutani, nusu ya kushuka ikakunjwa ikapelekwa kwenye nyaraka za siri. Zawena alibaki ameshika kalamu.

Kisha waziri akamgeukia, sauti laini, kama baba anayemsemesha mtoto aliyemwaga uji.

"Mhandisi, swali letu ni jepesi. Inawezekana au haiwezekani kisanduku hiki kiende mbele tu?"

Palikuwa na mhandisi mwingine kabla yake, aliyewahi kuulizwa kama daraja linaweza kujengwa kwa kuanzia katikati ya mto, akajibu haiwezekani. Alihamishiwa mpakani, na kwa kuwa sheria ilikuwa ileile, hakurudi. Zawena alimkumbuka huyo. Aliikumbuka nyumba yake ya wizara yenye bomba ndani. Aliikumbuka taa ya chumba cha kujifungulia pia, asije mtu akasema hakuikumbuka, lakini aliikumbuka mwisho.

"Inawezekana," akasema.

Hakusema uongo. Hawakumuuliza kama taa itawaka, walimuuliza kama inawezekana. Aliitumia hoja hiyo kujitetea njia nzima akirudi ofisini, kwa kuzunguka mji, na alipofika alikuwa ameshaichosha. Katika maelekezo ya ile kontrola palikuwa na sentensi moja inayosema nguvu zikipungua, rudi hatua moja. Aliitafuta, akaiondoa. Haikumchukua hata muda wa chai kupoa. Mkono wake haukutetemeka, na kule kutotetemeka ndiko kulikomtia haya, maana alitaraji kwamba mkono wa mtu mwema ungetetemeka.

Kisanduku kilirudishwa Tuombeheri kikiwa huru, na cheti cha tabia njema kimebandikwa ubavuni.

Ikawa hivi. Kila asubuhi jua likichomoza kontrola ilianza chini, ikapanda, ikafika kileleni, na kwa muda mfupi kila kitu Tuombeheri kikafanya kazi vizuri ajabu. Kisha ikaendelea mbele. Ikakipita kilele, ikateremka upande wa pili, ule uliokuwa kwenye nyaraka za siri, mpaka ikafika mwisho kabisa ambako volti ni nyingi kuliko zote na ampea ni sifuri. Ni kama bomba lililofungwa koki: msukumo umejaa humo ndani, ndoo haipati hata tone. Hapo ilisimama kutwa, kwa utiifu, hadi magharibi. Betri zilionja tu asubuhi kama mfungaji aliyepitiwa na daku. Kwa hiyo mwanamke wa Tuombeheri aliyetaka kuzaa kwenye mwanga alipaswa ajitahidi azae mapema, kabla umande haujakauka.

Wizara ilifurahi mno. Ilikuwa imesimika ubao mkubwa katikati ya mji mkuu kuonyesha mafanikio ya Tuombeheri, na kwa ushauri wa Profesa ubao ulionyesha volti peke yake, kwa kuwa ampea zilionekana kuwa na tabia ya kukatisha tamaa. Volti zilivunja rekodi siku ya kwanza. Redio ya taifa ikawa inazisoma kabla ya taarifa ya vifo. Kwaya ya wizara ikatunga wimbo wa volti wenye beti nyingi na kiitikio kirefu. Watu walikuwa wakisimama chini ya ubao ule jioni, gizani, wakiusoma kwa tochi.

Zawena alipandishwa cheo akawa Mhandisi Mkuu wa Mbele. Alipewa gari lisilo na rivasi. Wenzake walimpisha mlangoni, na yeye akapita akiangalia sakafu, wakadhani ni unyenyekevu, wakamsifu kwa hilo nalo.

Shangazi Mwasiti alipiga simu. Alianza kwa kumuulizia afya, na kazi, na kama anakula. Kisha akasema ile taa inawaka asubuhi ila ikishapita saa ya chai inazimika, na friji inajaa jasho, na yeye halaumu, anauliza tu. Zawena alikuwa amesimama ofisini kwake, mlango umefungwa, hakuna aliyemsikiliza, ukiacha wale waliolipwa kumsikiliza. Angeweza kusema. Alimwambia kifaa ni kipya, bado kinazoea.

"Haya mwanangu," akasema shangazi. "Nilijua wewe utakuwa unajua."

Alipiga tena baada ya mvua za kwanza. Safari hiyo Zawena aliitazama simu inavyolia juu ya meza mpaka ikanyamaza. Akamtumia ujumbe kwamba yuko kikaoni, na baadaye akaenda kutafuta kikao ili ujumbe usiwe wa uongo.

Mwaka ulipotimia, wizara iliamua kusherehekea palepale Tuombeheri na kumvisha Mhandisi Mkuu nishani mbele ya watu wake. Msafara uliondoka mapema sana. Kwa bahati mbaya dereva wa gari la mbele alikuwa akiitikia wimbo wa volti, akakipita kijiji. Msafara wote ukaendelea kwa heshima, ukavuka wilaya mbili, ukazunguka mlima, na kufika Tuombeheri alasiri kwa upande wa makaburini. Wanakijiji walikuwa wamekaa juani tangu asubuhi. Pilau iliyopikwa kwa ajili ya wageni ilikuwa imeshakauka, na hakuna aliyethubutu kuigusa.

Waziri alihutubia. Alisema kuna nchi zenye dhahabu, kuna nchi zenye mafuta, ila nchi yenye volti kama hizi hajawahi kuisikia. Alisema volti za Tuombeheri zinaongezeka huku wananchi wakiwa wamelala, jambo linaloonyesha kwamba maendeleo hayamsubiri mtu. Kisha akaongozwa hadi chumba cha kujifungulia ili awashe taa, akabonyeza swichi. Akabonyeza tena. Chumba kikabaki katika kiza chake cha alasiri, na harufu ya dawa.

Zawena alikuwa nyuma yake na nishani imeshaning'inia kifuani. Katika sekunde zile alitumaini, kabisa alitumaini, kwamba sasa itasemwa, hata na mtu mwingine, hata kwa bahati mbaya.

Waziri aligeuza uso tu, mwili ukabaki mbele, akawaangalia watu walioganda mlangoni.

"Ndugu zangu," akasema, "mwanga wa Tuombeheri umeendelea kiasi kwamba umeshatutangulia. Sisi ndio tuliochelewa."

Makofi yakapigwa. Hata Zawena alipiga, na aliisikia mikono yake mwenyewe ikipiga.

Watu walipokwenda kula ile pilau, shangazi Mwasiti alimvuta pembeni akampeleka nyuma ya zahanati, kwenye paneli. Zawena alimwamkia, shangazi akaitikia huku akiishika ile nishani, akaipindua, akaifuta kwa pindo la kanga, akairudisha ilale vizuri. Alikuwa amekonda. Alisema amefurahi sana leo, na kwamba angependa kumwomba msamaha.

Zawena akauliza msamaha wa nini.

Shangazi alitazama chini. Akasema zile chanjo amezimwaga mara kadhaa sasa, zimeharibika, na watu wa wilaya wamemwandikia kwamba ni mzembe. Akasema hilo amelipokea. Ila kuna mtoto wa Siwema, yule mke wa mwashi, ambaye uchungu ulimshika jioni.

"Kitovu kilimzonga shingoni," akasema. "Nilikuwa nimeshika simu kwa meno ili inimulikie, ikaanguka. Nilipoipata, mtoto alikuwa ameshakwenda. Ningekuwa nimezitunza paneli zako inavyotakiwa, taa ingekuwepo."

Zawena alizitazama paneli.

"Si kwamba sizifuti," shangazi akaendelea haraka, kama anayeogopa kuonekana mvivu. "Nimegundua taa huzimika jua likianza kukaza, nikajua ni vumbi, hutimka saa hizo. Basi ikifika saa hiyo naacha kazi zote, naja nazifuta, mpaka adhuhuri. Ila labda nafuta vibaya."

Akanyoosha viganja vyake ili vishuhudie. Kioo cha paneli, jua likiwa kichwani, huchoma kama kikaango. Ngozi ya viganja ilikuwa imevimba malengelenge, mengine yamepasuka, mengine yamepona yakaacha mabaka meupe. Ilikuwa ni mikono ileile iliyompokea yeye, na baada yake karibu kila mtu wa kijiji kile. Kutoka upande wa mbele zilisikika sauti za wageni wakicheka, na waziri akiulizia mhandisi wake yuko wapi.

Kilichotakiwa kilikuwa sentensi moja. Ile ya kontrola angeweza kuirudisha hapohapo, alikuwa na vifaa garini. Ya kumwambia shangazi yake ilikuwa fupi zaidi. Alifungua mdomo, na ofisa wa usalama akatokea kwenye kona ya zahanati, akasimama, akawatazama kwa upole kama mtu anayengoja zamu yake.

"Nionyeshe ninapokosea, mwanangu," akasema shangazi Mwasiti. "Sitakosea tena."

Akamkabidhi kitambaa.

Zawena alikichukua. Alikiloweka kwenye ndoo, akakikamua, akaisogelea paneli ya kwanza, na mbele ya ofisa yule akamfundisha shangazi yake kufuta: usisugue kwa nguvu, anza juu, shuka nacho polepole, pembe hizi usizisahau. Sauti yake ilikuwa tulivu, ya mwalimu. Shangazi alifuatisha kila neno kwa midomo, akitikisa kichwa, na uso wake ukawa unafunguka kwa nafuu ya mtu aliyetafuta kosa lake muda mrefu na hatimaye amelipata.

"Ahsante mwanangu," akasema. "Kumbe nilikuwa nazisahau pembe."

Kesho yake, jua lilipoanza kukaza na taa ikazimika, wanawake wote wa Tuombeheri wenye mimba walitoka na ndoo zao wakaja kumsaidia.